Mbao ya Dawa Haiingii Jikoni

Kibanda cha Fergus
Ijumaa, 17 Mei 1991

Baba,

Tumefika siku tatu zilizopita na mpaka leo sijakauka. Kibanda chenyewe si kibaya: vitanda vinne, jiko la kuni, dirisha moja linalotazama mto wa barafu. Shida ni kuni. Waliotutangulia walituachia kuni kavu mlangoni kama ilivyo desturi, lakini bati la juu yake limetoboka na mvua yote ya Aprili imeingia humo. Jana nimepuliza jiko dakika arobaini. Nimepuliza mpaka nikaona nyota, na jiko linanitazama tu.

Mwenzangu Piripi, huyu nitakayehesabu naye kea, hawa kasuku wa milimani, mpaka baridi iishe Septemba, amekuja na dawa yake: vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Vinawaka, siwezi kumsingizia, hata vikiwa vimelowa chapachapa. Ila vinanuka kiasi kwamba lazima tufungue mlango kutoa moshi, na joto linatoka pamoja na moshi. Tunabaki na baridi yetu ile ile, na tunanuka gurudumu.

Nimekumbuka vile viwashio vyako vya trei ya mayai. Mlikuwa mnavitengeneza wewe na Mama kwenye meza ya jikoni kabla ya kila safari ya milimani, na kazi yangu mimi ilikuwa kukata vikombe kwa mkasi. Bado una nta? Ukinitengenezea hata dazeni mbili, mpe Shangazi Ngaire avipeleke kwenye helikopta. Inatuletea chakula na barua kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, na njia nyingine hakuna.

Saa kumi na mbili jioni uwe unawasha ile redio yako ya milimani. Vibanda vyote vya kusini tunampa bibi wa redio taarifa ya hali ya hewa kwa zamu, sisi ni wa tano. Hutaweza kunijibu, lakini utajua niko hai. Na kwa kuwa Tuatapere nzima inasikiliza, usitegemee nitasema lolote la maana.

Mwanao,
Raewyn


Tuatapere
Jumamosi, 25 Mei 1991

Raewyn mwanangu,

Nta ninayo. Mamako aliacha bati la biskuti limejaa vipande vya mishumaa ya miaka ishirini, na tangu afariki sikuwa nimelifungua. Juzi nimelifungua. Nimekaa nalo kidogo, kisha nikasema, haya, mishumaa ni ya kuwashwa.

Nimetengeneza thelathini na sita. Njia ni ile ile. Nta unaiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, wala si juu ya moto wenyewe, labda kama umechoka na nyumba yako. Kikombe unakijaza unga wa mbao, unashindilia kwa kidole gumba, unamwaga nta mpaka unga ushibe. Kikiganda, unakata kimoja kimoja. Kimoja kinawaka dakika kumi. Kuni zisizoshika kwa dakika kumi hizo si kuni, ni mawe, zirudishe mtoni.

Unga nimechota bandani kwangu, kwenye pipa la dirishani. Lile la mlangoni ni la mbao ya dawa, ile inayoloweshwa dawa isioze, maana nimekuwa nikimkatia Ngaire nguzo za ua wake, na mbao ya dawa haiingii jikoni. Imo sumu ile ile ya panya. Nimekuchapa kofi moja tu maishani mwako, ulipokuwa na miaka sita ukatupia kipande cha nguzo motoni, na hilo kofi sijalijutia.

Usishangae maandishi makubwa hivi. Ngaire ameninunulia kalamu nene kama kidole, nami sitaki kuitupa.

Redioni nakusikia. Jana umesema theluji sentimita ishirini, na sauti yako ina mafua. Vaa kofia.

Baba yako,
Athol


Kibanda cha Fergus
Ijumaa, 14 Juni 1991

Baba,

Njiti moja! Njiti moja tu ya kiberiti, na jiko likashika. Piripi amestaafisha mpira wake wa baiskeli, amesema anamwomba mzee wangu radhi. Sasa tunawasha kila jioni, na makaa yakitulia tunabanikia mkate juu yake. Ni mara ya kwanza tunakula kitu cha moto kisichotoka kwenye kopo.

Kea wanatutesa. Wamekula mpini wa fagio na kiatu kimoja cha Piripi. Tunawahesabu huku wao wanahesabu mali zetu. Nina kikohozi kidogo lakini kofia ninayo, usianze.

Vinapungua. Ukipata nafasi, tutumie vingine.

Mwanao,
Raewyn


Tuatapere
Alhamisi, 20 Juni 1991

Raewyn mwanangu,

Barua yako amenisomea Ngaire, miwani yangu sijui nimeiweka wapi. Nimeomba arudie hapo penye njiti moja.

Sasa nikwambie kitu na usinicheke. Tangu mamako aondoke, nilikuwa naingia bandani, nafagia, natoka. Kazi ya kuombwa na mtu sikuwa nayo. Ngaire na nguzo zake ni huruma tu, yule hana hata kondoo wa kumzungushia ua. Lakini juzi nilikuwa nashindilia unga vikombeni, nikasikia mtu anaimba. Nikageuka nitazame ni nani. Kumbe ni mimi.

Nakutumia arobaini na nane. Bado kuna nta tele, na unga pipa zima. Seremala wa miaka sabini na tatu bado ana faida, waambie hao kasuku wako.

Baba yako,
Athol


[Barua hii haikutumwa wakati wake]

Kibanda cha Fergus
Alhamisi, 27 Juni 1991

Baba,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na kea.

Jana asubuhi mmoja aliingia mlangoni akaiba kiwashio, akaruka nacho mpaka kwenye theluji mbele ya kibanda. Akakichana kwa mdomo, nta huku, karatasi kule, unga ukamwagika. Nilikuwa nacheka. Nikaenda kuokota, na hapo nikaona. Ndani ya kikombe, gizani mwa kibanda, unga ni unga tu, umelowa nta, rangi huijui. Juu ya theluji ulikuwa wa kijani. Kijani kile cha nguzo mpya za ua.

Nikapasua vingine viwili. Vyote hivyo hivyo. Piripi aliwahi kusema kwamba ndimi za moto zina ukijani pembeni, nikamwambia ni macho yake. Na majivu tumekuwa tukiyamwaga njiani tusiteleze, na mkate, Baba, tumeubanika juu ya makaa yale.

Unga huu ni wa pipa la mlangoni. Lazima ujue, kabla hujatengeneza vingine. Tumeacha kuvitumia.

Raewyn


Kibanda cha Fergus
Ijumaa, 28 Juni 1991

Baba,

Rubani anakunywa chai, kwa hiyo naandika mbio. Mzigo wako umefika, arobaini na nane, hakuna kilichovunjika. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa hapa nje kwenye baridi. Umeimba bandani! Nimefurahi mno.

Viwashio vinawaka vizuri kama vile vya kwanza. Ila usitume vingine tena, hivi vinatutosha mpaka Septemba. Pumzika.

Mwanao,
Raewyn


Kibanda cha Fergus
Ijumaa, 28 Juni 1991

Shangazi Ngaire,

Hii ni yako peke yako. Nimeona jambo katika kazi ya Baba lisilofanana naye. Sikwambii ni nini, maana utamfikishia kabla chai haijapoa, nawe unajijua. Ninachouliza ni kimoja: macho yake yakoje? Nijibu ukweli.

Raewyn


Tuatapere
Ijumaa, 5 Julai 1991

Raewyn mama,

Macho ya babako yana nini? Hayana kitu. Anasoma gazeti, kila Jumapili ananipeleka kanisani kwa gari lake, na juzi ameniambia gauni langu limepauka. Tena limepauka kweli. Anaona kuliko mimi.

Mwache mzee, mama. Ana furaha sijaiona tangu mazishi. Wewe hesabu ndege wako.

Shangazi yako,
Ngaire Cuthbert


Tuatapere
Jumatatu, 8 Julai 1991

Raewyn mwanangu,

Umesema vinakutosha, basi nimepata watu wengine. Ngaire anawapeleka watoto wake wa skauti kambini msituni Jumamosi hii, tarehe 13. Watoto kumi na wanane, wengine hawajawahi kulala nje ya kitanda cha mama zao. Nimewatengenezea sitini. Kila mtoto atawasha moto wake mwenyewe na kubanika soseji yake mwenyewe, na wa kwanza kuivisha atapewa beji.

Ngaire aliniuliza kama vinawaka kweli kwenye unyevu. Nikamwambia, Raewyn anavitumia kila siku huko juu, na Raewyn hajui kusema uongo, kwa hilo amemchukua mamake.

Baba yako,
Athol


Kibanda cha Fergus
Jumamosi, 13 Julai 1991

Baba,

Jana ulinisikia. Nataka ujue ilivyokuwa, ingawa barua hii haitatoka hapa mpaka helikopta ijayo.

Mawingu yalikuwa yanaliziba bonde, rubani akashusha mfuko na kuondoka bila kuzima injini. Nilifungua barua yako kama saa tisa alasiri. Kambi kesho yake. Nilichobaki nacho ni saa tatu na redio. Nami nilijua nani wanasikiliza: vibanda vyote, wavuvi wa kamba, kila jiko la Tuatapere, na wewe kwenye kiti chako.

Piripi alinishauri niseme kwa mafumbo, kwamba Ngaire aahirishe kambi, theluji inakuja. Nikaona Ngaire atatazama mbingu, aone nyeupe, aende. Kwa hiyo nilisema kama ulivyosikia. “Ujumbe kwa Ngaire Cuthbert. Viwashio alivyotengeneza Athol Beattie visichomwe. Unga wake ni wa mbao ya dawa.” Bibi wa redio akasema, “Rudia, Kibanda cha Fergus.” Nikarudia, na jina lako nikalitaja mara ya pili.

Baba, nimejua tangu Juni. Niliandika barua ya kukwambia, na siku ya kuituma ikaja barua yako ya kuimba. Nikaitia mfukoni. Nilijiambia namlinda mzee wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mtu wa kukuzima, na kwa woga huo nikakupa maneno ya kwenda kumwambia Ngaire. Watoto wale wangebanika soseji zao juu ya uongo wangu.

Nisamehe ukiweza. Barua ile ya Juni nimeiambatanisha.

Raewyn

26 Julai. Nimepata barua ya Shangazi kabla ya kuifunga hii. Sasa najua kuhusu macho. Sitakuja kukutoa nyumbani kwako, Baba. Nakuapia kwa jina la Mama.


Tuatapere
Alhamisi, 18 Julai 1991

Raewyn mama,

Kwanza, watoto wazima. Sanduku la viwashio lilikuwa tayari ndani ya gari. Nililishusha. Huko msituni tukawasha kwa magazeti, wamepuliza mpaka vichwa vikawazunguka, wamekula soseji mbichi katikati, na wote wanasema ni kambi bora ya maisha yao. Beji sikumpa mtu.

Babako alisikia yote. Nilikimbilia kwake, nikamkuta ameshazima redio, anatazama ukuta. Jumatatu alikwenda dukani, na yule mpumbavu wa kaunta akamwambia, “Athol, una sumu ya panya ya kuuza?” Babako akaweka mkate chini, akatoka. Banda amelifunga kwa kufuli. Redio hajaiwasha tena.

Sasa la pili, na hapa naona haya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Mwaka mzima sasa babako haoni sawasawa. Gazeti namsomea mimi. Lile gauni lililopauka mimi ndiye niliyemwambia. Na gari, mama, anaendesha yeye lakini macho ni yangu. Nakaa kando nasema kushoto, kulia, polepole, ng'ombe! Aliniapisha nisikwambie, anaogopa utashuka kutoka milimani umpeleke kwenye nyumba ya wazee. Ulipoandika kuniuliza ningesema. Nikasema anaona kuliko mimi. Kama ningejibu kweli, wewe ungeniambia la unga, na mimi ningeuliza ni pipa gani.

Ukitaka kumkaripia mtu, basi anza na mimi.

Ngaire


Tuatapere
Jumamosi, 3 Agosti 1991

Raewyn,

Barua zako zote mbili amenisomea Ngaire, mara mbili, maana mara ya kwanza nilimwambia amesoma vibaya. Hii naandika mwenyewe. Mistari ikipandana, vumilia.

Wiki ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya jina langu. Nusu ya madirisha ya mji huu nimeyatia mimi, na hakuna hata moja linalovujisha upepo. Halafu ghafla ninaitwa muuza sumu ya panya. Nilikuwa na maneno makali ya kukuandikia, bahati nzuri nilikuwa sioni kalamu iko wapi.

Kisha nikakumbuka mkate. Uliniambia mnabanika mkate juu ya makaa, nami nikafurahi, nikaomba nisomewe tena. Nilikulisha sumu kwa mkono wangu, mwanangu wa pekee, na nikakuomba unisifu. Hilo ndilo lililonifungia banda. Yule wa dukani hata simkumbuki.

Macho yako hivi. Pembeni naona. Katikati pana doa, kama mtu amebonyeza kidole chenye masizi kwenye kioo. Birika naliona nikitazama dirisha. Wewe ukija, nitakuona nikimtazama Ngaire. Rangi zimekwenda kwanza, sikujua hata zimeondoka lini. Mwezi wa nne niliyahamisha yale mapipa ili nifagie, nikayarudisha kinyume, la mlangoni dirishani. Baadaye nilichungulia ndani nihakikishe. Nilitazama, Raewyn. Nilitazama na sikuona, na badala ya kumwita Ngaire nikajiambia kwamba mimi ni seremala, mkono wangu unajua. Na dawa ikikauka haina harufu, kwa hiyo hata pua haikunisaidia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini mimi kifo changu nilikuwa nawagawia watoto wa watu. Tulikuwa watatu, watu wazima wenye akili, kila mmoja anamlinda mwenzake. Watoto kumi na wanane nusura walipie heshima yetu.

Kwa lile la redioni nilikusamehe siku ile niliyokumbuka mkate. Ningekuwa na redio ya kujibu, ningesema mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko yako. Kwa ule uongo wa Juni sijakusamehe bado. Sitaki kusifiwa kama mtoto anayechora farasi. Nakwambia ili usidhani nanyamaza.

Nimempa Ngaire funguo za gari. Anaendesha vibaya kuliko kipofu, nami najua ninachosema.

Nenda ukapimwe damu ukishuka. Na huyo Piripi pia.

Baba


Kibanda cha Fergus
Ijumaa, 9 Agosti 1991

Baba,

Usinisamehe haraka, una haki. Daktari tumeongea naye kwa redio, tutapimwa sote wawili tukishuka, na amesema kwa wiki zile chache tusife kwa hofu. Kikohozi kimekwisha tangu tulipoacha. Vile ulivyotuma vimefungwa kwenye mfuko, vinarudi na helikopta hii vikazikwe.

Nina ombi. Nataka dazeni moja ya viwashio, ulivyotengeneza wewe. Si kwa huruma. Piripi amerudi kwenye mpira wa baiskeli na mimi siwezi kupanda tena kitandani nikinuka gurudumu.

Nitavichoma vyote, na nitakwambia kimoja kimoja.

Raewyn


Tuatapere
Jumamosi, 17 Agosti 1991

Raewyn,

Nimefungua banda.

Mapipa yote mawili Ngaire ameyazika mbali na mto. Msumeno wa umeme nimeung'oa kwenye waya, mkata vidole ule sina haja nao. Nimebaki na randa la mkono la babu yako. Juu darini kulikuwa na ubao wa rimu, ule mti mwekundu wa misitu yetu, niliouweka miaka thelathini kwa ajili ya jeneza langu. Niliushusha ubao huo mzee, nikaubana kwenye jiriwa ya mezani, nikaanza kupiga randa. Maranda yanatoka marefu, yanajikunja vidoleni, na harufu ya rimu haifanani na mti mwingine duniani. Nimeonja pia. Jeneza litakuwa jembamba kidogo, basi nitapunguza kula.

Dazeni moja, hii hapa. Kila kikombe nimekinusa kabla ya nta. Sijui vina rangi gani. Ngaire alitaka kuvikagua nikamkatalia, nimemwambia akate trei na atulie.

Vitazame wewe, juu ya theluji. Kisha niambie kwenye redio, saa kumi na mbili, wanisikie wote waliosikia lile la kwanza. Vikiwa vibaya, sema ni vibaya. Ukinidanganya nitajua.

Baba


Tuatapere
Jumamosi, 24 Agosti 1991

Raewyn mwanangu,

Nimesikia.

Ngaire alikuja na kiti chake, akaleta keki, akakaa kama mtu aliyekuja kusikiliza mechi. Vibanda vinne vya kwanza sikumbuki walisema nini, wangeweza kuwa wamefunikwa na theluji wote nisijue. Kisha sauti yako. “Ujumbe kwa Athol Beattie. Nimevipasua ukingoni juu ya theluji, vyote kumi na viwili ni vyekundu, ni rimu tupu. Nimevipanga nikavichoma. Kumi na kimoja vimewaka. Kimoja kimekataa.”

Bibi wa redio akasema, “Rudia, Kibanda cha Fergus.” Ukarudia, hata hicho kimoja. Ngaire akakasirika, akasema kwani ungepungukiwa nini ungesema kumi na viwili mbele ya watu. Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa nalia, na sikutaka kelele za keki.

Hicho kimoja nakijua. Nilikuwa nakimwagia nta, Ngaire akabisha hodi, mkono ukateleza, kikafurika. Nta ikizidi, unga hauna pumzi. Kidole kiliniambia pale pale. Nikajiambia, kimoja kati ya kumi na viwili, nani atajua? Kwa hiyo jana nilikuwa nangoja. Ungesema kumi na viwili, ningezima redio na kufunga banda, na nisingekuuliza tena rangi ya kitu chochote.

Asubuhi hii nimekwenda dukani. Ngaire ameendesha, tumegusa ua mmoja tu. Yule wa kaunta akaniambia, “Athol, kimoja kimekataa, eh?” Nikamwambia, “Kimoja. Na wewe mikate yako mingapi imekataa wiki hii?” Akaniwekea mkate mkononi.

Ubao bado ni mnene. Maskauti wanataka sitini kwa kambi ya masika, nimewaambia wangoje mpaka ushuke uvitazame. Kiwashio cha kumi na tatu cha ubao huo nilikibakiza, nimekiweka mezani, karibu na picha ya mamako. Sioni ni cha rangi gani, lakini nimeambiwa.

Lile la Juni limekwisha. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa kwenye kiti changu. Vaa kofia.

Baba yako,
Athol